Spoku ya Baiskeli na Vidonge vya Magoti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijaonyeshwa kiti. Bwana Mratibu wa mradi wetu wa afya, mradi ambao sitautaja jina kwa kuwa watu wake wengine wangali hai, alinipokea ofisini Mbinga akiwa amesimama, akanitwika rundo la rejesta zilizofungwa kwa kamba ya katani. Rejesta ni lile daftari kubwa ambamo zahanati huandika kila mgonjwa: jina, umri, kijiji, ugonjwa, na dawa aliyopewa.

"Binti, kazi yako ni kuhesabu," alisema. "Kufikiri kuna watu wake."

Nikajibu, "Ndiyo, mzee," na moyoni nikasema tutaona.

Ninyi vijana mnaobonyeza kompyuta mkapata majibu kabla chai haijapoa, hebu sikilizeni tulivyofanya sisi. Zahanati zetu zilianzia milimani, Litumbandyosi, zikashuka mpaka kandokando ya ziwa, Lituhi na Lipingo. Kila baada ya miezi mitatu rejesta zililetwa kwangu, nami nikamwandikia kila mgonjwa kadi yake. Kadi ilikuwa na matundu pembezoni, pande zote nne, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hili la malaria, hili la aliyepewa vidonge vya maumivu ya viungo, hili la aliyetapika damu. Mgonjwa akiwa na jambo hilo, unalikata tundu lake kwa mkasi mpaka ukingoni. Siku ukiwataka wote wa aina hiyo, unazipanga kadi pamoja, unapenyeza waya kwenye tundu, unainua. Zilizokatwa zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zikining'inia. Waya maalumu tulioahidiwa haujafika mpaka leo. Nilitumia spoku ya baiskeli ya baba yangu, mkulima wa kahawa kule Litumbandyosi.

Miaka hiyo ndiyo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi. Zamani dawa uliipata zahanati, tena kwa bahati. Sasa kila senta ilikuwa na duka la dawa, na kila duka lilikuwa na hivyo vidonge vya viungo, dawa ya baridi yabisi, vinauzwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti bila neno lolote la maelezo. Zahanati zetu nazo zilivigawa kwa moyo mweupe. Watu walivihitaji, hilo sibishi. Mtu aliyechimba ngoro tangu utotoni, yale mashimo ya shamba ambayo sisi Wamatengo tunayachimba kwenye miteremko, magoti yake yamekwisha zamani. Mvuvi anayevuta nyavu alfajiri kwenye maji ya baridi, vidole vyake havikunjiki. Mpe mtu huyo kidonge, asimame wima, atakuita daktari hata kama wewe ni karani tu.

Mwaka wa tatu nilipenyeza spoku kwenye tundu la kutapika damu. Zikaanguka kadi za wazee. Nikazikusanya hizo peke yake, nikapenyeza kwenye tundu la vidonge vya viungo, zikaanguka karibu zote. Nilikaa nikazitazama. Kisha nikawachukua wazee wa umri uleule ambao hawakupewa vidonge hivyo, kwa sababu anayehesabu upande mmoja bado hajahesabu kitu. Miongoni mwao waliotapika damu walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Nilizibeba kadi mbio hadi kwa Bwana Mratibu.

"Hayo ni maudhi madogo madogo ya dawa," alisema bila kuinua macho.

"Mzee, kutapika damu si maudhi madogo."

Hapo akainua macho. Alichomoa kadi moja, akasoma. "Huyu Maria aliyepewa vidonge mwezi wa kwanza, na huyu Maria aliyetapika damu mwezi wa tatu, umejuaje ni mtu mmoja?"

"Jina moja, ukoo mmoja, kijiji kimoja."

"Huku kwenu nusu ya wanawake ni Maria, na ukoo mmoja unajaza kata. Rudi ukahesabu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Nilipopanda kijijini nikawakuta akina Maria wawili, mmoja mzima anapalilia mahindi, mwingine kaburini. Mimi nilikuwa nimewafanya mtu mmoja.

Sikukata tamaa, nilikata kadi nyingine. Milimani kwetu kila familia ina ntambo wake, yaani mgongo wa kilima wanaoishi na kulima pamoja, na majina ya ntambo hayachanganyiki kama ya akina Maria. Ziwani, kila familia ina mahali pake pa kuegesha mitumbwi. Nilizunguka zahanati zote kuwaomba manesi waandike neno hilo moja pembeni mwa jina. Wengine walinicheka, lakini waliandika. Baada ya mwaka mmoja nilipenyeza spoku tena, sasa nikijua nani ni nani. Kadi zilianguka vilevile.

Safari hii niliongeza na matundu ya siku za juma. Kutapika damu kulikuwa kwingi Jumatatu kuliko siku nyingine yoyote. Niliumiza kichwa majuma mengi, na jibu lilikuwa nyumbani kwetu.

Nililala kwa wazazi Jumamosi moja ya Kwaresima. Asubuhi nilimkuta baba ukumbini, amevaa koti la kanisani, ana vidonge viwili kiganjani na kikombe cha maji.

"Shikamoo, baba. Umekula?"

"Marahaba. Nile kabla ya komunyo?" Wazee wetu walikuwa bado wanafuata mfungo wa zamani, tangu usiku wa manane mpaka baada ya misa, ingawa kanisa lilikwisha kuulegeza. Waanglikana wa ziwani nao walifanya vivyo hivyo. "Maji na dawa havivunji mfungo."

"Kwa nini viwili? Nesi alisema kimoja, tena baada ya chakula."

"Jumapili ni viwili, Skola. Kimoja hakinipigishi magoti. Bila hivi, watu wananiinua kama gunia la kahawa."

"Basi kaa kwenye benchi, baba."

Alinitazama kama niliyetukana. "Nikae mbele ya Ekaristi? Mimi?"

Akameza, akaenda. Nilinyamaza kwa kumheshimu, na kosa hilo ni kubwa kuliko la akina Maria. Kwaresima hiyohiyo, Jumatatu, walimshusha baba zahanati kwenye machela akitapika damu. Alikata roho kabla gari halijafika.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Mezani palikuwa na fomu ya vifo, na mstari wa baba, wenye jina la ntambo wetu, haukuwa na sababu ya kifo.

"Pole sana, Skolastika," Bwana Mratibu alisema, na naamini alimaanisha. "Hapo andika uzee."

"Ijumaa kabla hajafa alikuwa amepanda baiskeli, mzee."

"Vidonge hivi tumevigawa sisi. Unataka wafadhili waseme tumeua watu?"

Nikachukua kalamu, nikaandika: kuvuja damu tumboni, kutokana na vidonge vya viungo.

"Futa."

"Sifuti."

Akanisogezea ufutio. Nikamwambia, "Nimeandika kwa wino, mzee."

Barua ya uhamisho ilifika juma lililofuata. Nilipelekwa ziwani, upande wa Lituhi, kwa manufaa ya kazi, kama barua hizo zinavyosema siku zote. Kama walidhani nitalia, walikosea. Nilifunga kadi zangu kwenye kanga, spoku nikaishika mkononi.

Kule sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimwendea katekista wetu, kisha padri wa Kianglikana, nikawaeleza habari za Jumatatu na za baba. Padri aliniuliza swali moja tu: "Unataka tuwaambie nini?" Jumapili iliyofuata makanisa yote mawili yalitangaza: anayemeza vidonge vya viungo ale kwanza, ameze kama alivyoandikiwa, akiona choo cheusi, dalili ya damu tumboni, aache na aje zahanati mara moja. Na asiyeweza kupiga magoti, akae. Matangazo yalipanda mlima yenyewe, kanisa kwa kanisa.

Miezi kadhaa baadaye Bwana Mratibu alikuja na gari la mradi, vumbi mpaka kwenye kope. "Nani alikuruhusu kutangaza habari za mradi?"

Nilimwekea kadi mezani, mafungu mawili, za kabla ya tangazo na za baada, nikampa spoku na kumwonyesha tundu la kutapika damu. "Penyeza mwenyewe, mzee. Kufikiri kuna watu wake."

Alipenyeza. Fungu la kwanza likamwagika. La pili zikadondoka kadi chache mno. Aliinua tena, akaitikisa spoku, kama vile kuna zilizonasa. Hazikuwepo. Akaomba maji ya kunywa.

Baada ya miezi mitatu zahanati zote zilipata waraka wa maelekezo kuhusu vidonge hivyo. Ulikuwa na sahihi yake, jina langu halikuwamo. Watu huniuliza kama niliumia. Niliumia, ndiyo, lakini waraka niliubandika ukutani kwa mkono wangu.

Nilipostaafu nilikabidhi funguo, mihuri na makabati. Spoku sikuikabidhi, na anayeitaka aje kuichukua. Sasa magoti yangu nayo yamechoka. Jumapili nakunywa uji wangu, nameza kidonge kimoja, naenda misa. Kengele ya mageuzo, padri anapoinua hostia, ikilia, kanisa zima linapiga magoti, nami nakaa kwenye benchi, mgongo umenyooka.

Juzi bibi mmoja mkubwa kuliko mimi alinivuta kanga. "Skola, huoni aibu? Piga magoti."

"Shikamoo, bibi. Baba yangu alipiga."

Aliyajua ya baba. Alinitazama, akashika ukingo wa benchi, akajiinua polepole huku magoti yakilia, akakaa kando yangu.