Loya wa Bwera Aliyesoma Fasihi

Naikumbuka bado Jumapili moja ya mji wetu wa Bwera, mwanangu. Kwetu kijana akipata nafasi chuo kikuu, familia humpeleka kanisani kutoa shukrani, na mbuzi na mkungu wa ndizi, na kozi yake hutajwa mbele ya watu wote. Mimi nilitolewa shukrani kwa kozi ya sheria. Kabla sijaijua njia ya darasani, Bwera nzima ilikuwa ikiniita Loya, yaani wakili.

Wiki chache chuoni zilinitosha. Sheria ilinilaza usingizi. Fasihi ndiyo iliyoniamsha. Nikaomba kuhama, nikakubaliwa, nikapanda basi kwenda kumwambia baba. Alikuwa askari mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa buti. Hata nyumbani tulimwita afande.

"Hii fasihi inatibu nini?"

"Haitibu, afande."

"Inajenga?"

"Hapana."

Nikangoja fimbo.

"Kozi iko yako, soma. Lakini kanisa iliombea loya. Jumapili utasimama mwenyewe, utaambia watu."

Nikamsihi tuache tu, watu wangesahau.

"Shangazi yako Biira hawezi sahau. Jirani yake huko Maliba alikula mpaka ya shamba, analima mpaka ndani yake. Wazee walitaka kupatanisha wao, yeye akakataa. Anasema anangoja loya yake amalize."

Mimi niliyehamia kozi ya maneno, nikaenda kutafuta ya kusema Jumapili.

Jumapili nikasimama, nikasema. Mzee mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi Kasese, "Mchagua jembe si mkulima." Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Baada ya ibada alinishika mkono pale nje.

"Mutoto, ungeniacha ningoje mpaka lini?"

Nikamwomba radhi.

"Basi. Kesho naita wazee."

Wakapanda miti ya mpaka mpya. Shangazi alipoteza migomba michache, akapata usingizi.

Sasa nawe umekubaliwa uuguzi, moyo unavuta kwingine, na umekuja kwangu kama walivyokuja wenzako, utadhani nina ofisi ya waliopotea kozi. Nimechoka, lakini sikiliza. Hama, mwanangu, kabla muda wa kuhama haujapita. Ila usihame kimyakimya. Ahadi ni deni, hata ile waliyoitoa wengine kwa jina lako. Mtafute yule anayeingoja kazi yako, umwambie kwa mdomo wako, mapema, apate kupanga maisha yake bila wewe. Watakucheka, na kicheko huisha. Changu bado, Bwera naitwa Loya mpaka leo, na nimeacha kukata rufaa.

Nenda salama. Mungu akupe ulimi usioogopa watu wa nyumbani, na pale nje ya kanisa akuwekee mtu wa kukushika mkono.