Daftari la Masahihisho

Mwaka ule ndege walihama kijiji chetu cha Tlawi, au ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa natoka nje asubuhi na kikombe changu cha chai, ukungu bado umelala juu ya ngano mpaka ng'ambo ya bonde, na kulikuwa kimya. Hakikuwa kimya cha kutisha. Kilikuwa laini, kama cha mtu aliyejifunika blanketi hadi kichwani, na sitasema uongo, nilikipenda. Nilisimama humo muda mrefu nikiwaangalia ng'ombe wakitoa mvuke puani. Siku moja nikamwambia mke wangu kwamba mikaratusi ndiyo imefukuza ndege. Tumekata miti ya asili tukapanda mikaratusi, sasa ona. Mke wangu aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kukamua.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, na wakati huo nilikuwa nimeifundisha kwa muda unaotosha mtoto kuzaliwa, kukua, na kuja kusimama mbele yangu aimbe. Mtu wa mbali anaweza kucheka akisikia mwalimu wa kwaya anajiita kiongozi. Aje kwetu aone. Mchungaji huhamishwa, mtendaji huhamishwa, mwalimu mkuu wa shule huhamishwa kabla hajazoea baridi. Mwalimu wa kwaya huzikwa hapohapo, tena kwa nyimbo alizozifundisha mwenyewe.

Nilikuwa na daftari. Kila Jumapili baada ya ibada kwaya ilibaki kwenye mabenchi ya nyuma, nami nikalifungua na kusoma masahihisho. Sauti ya nne, mmechelewa ubeti wa pili. Sauti ya tatu, kuna mtu alikuwa anatafuna kitu, anajijua. Mama wewe, kitambaa chako kimekaa upande. Watu wazima wenye wajukuu walisimama mmoja mmoja wakasema, "Ni kweli, mwalimu, nitajirekebisha," halafu wakakaa. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wangu haukuwemo, na wala sikuwahi kuutafuta. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye daftari.

Kisha sauti ya kwanza ikaanza kufifia. Hiyo ndiyo sauti ya juu, ya akina mama na mabinti, na ndiyo inayobeba wimbo. Ilififia polepole, kama watu wanaotembea kuingia kwenye ukungu: kwanza huoni miguu yao, halafu mabega, halafu unabaki unatazama mahali walipokuwa. Sauti ya pili niliisikia. Sauti ya nne, wale akina baba wenye vifua vikubwa, ilinitetemesha mbavu. Ila pale juu palikuwa na uwazi.

Nikainua kiganja changu juu, ishara ya kuongeza. Wakaongeza, nami nikasikia kidogo tu. Nikainua tena. "Sauti ya kwanza mnalala! Leo mmekunywa uji usioiva?" Wenzao walicheka, wao hawakucheka. Hasira yangu ni ya karibu, kila mtu kwetu anaijua.

Kiongozi wa sauti ya kwanza alikuwa binti wa miaka kama ishirini na miwili, fundi wa kushona sare za shule pale sokoni. Sauti yake ilikuwa inapanda bila kusukumwa, kama moshi wa jikoni siku isiyo na upepo. Kwa ajili yake nilitunga wimbo wetu wa Sikukuu ya Mavuno, na nikaupanga hivi: yeye anaanza peke yake, juu kabisa, ubeti mzima, halafu kwaya nzima inaingia. Bila yeye wimbo hauna mlango. Sikukuu ilikuwa inakaribia na kwaya za wageni zilikuwa zimealikwa, mojawapo kutoka Hirbadaw, watu wa upepo na vumbi ambao huimba kama wanaitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Sikutaka watusikie tukiwa hatuna sauti ya kwanza.

Basi nikatafuta ushahidi. Nilimwomba baba mmoja wa sauti ya nne aturekodi kwa simu yake, na Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi ya alasiri, nikaiweka simu juu ya meza, nikaiongeza mpaka mwisho.

"Sikilizeni wenyewe," nikasema. "Sauti ya kwanza iko wapi?"

Simu ikaimba. Nikasikia ya pili, ya tatu, ya nne. Nikazunguka mbele yao nikiwa nimekunja mikono nyuma. Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani waliziba masikio yao kwa vidole, nikawafukuza, nikidhani ni utundu. Kwaya yote ilikuwa inaangalia sakafu. Nilidhani ni aibu, nikaridhika. Ilikuwa aibu kweli, ila waliiona kwa ajili yangu.

Baada ya siku ile mambo yalitengenea. Nikiinua kiganja, sauti ya kwanza walifungua vinywa mpaka nikaona magego, nami nikatikisa kichwa: "Hapo sasa!" Lakini binti yule akaacha kuja. Hakuja Jumamosi moja, hakuja ya pili. Nikaambiwa amekwenda kwa shangazi yake Maretadu kusaidia kuvuna maharage. Zimebaki wiki tatu, na mlango wa wimbo wangu uko kwenye maharage! Niliandika utoro wake kwenye daftari, nikalitia mfuko wa koti, nikapanda bodaboda.

Ile safari naikumbuka kama ndoto. Ukungu ulikuwa unapasuka na kujifunga, mashamba yanatokea na kupotea, na dereva aligeuka mara kadhaa kuniambia kitu ambacho upepo ulikichukua. Nilikuwa naitikia tu, "Eeh, eeh."

Niliwakuta uani, yeye na shangazi yake, wanapepeta. Jua lilikuwa limetoka na vumbi la maganda lilielea juu ya nyungo zao, la dhahabu, halitui. Binti aliponiona alisimama akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Cha ajabu, nilimsikia vizuri kuliko miezi yote ile. Sauti ilikuwa nzito, imechanika, ya mtu aliyetoka kuugua.

"Una mafua?"

"Hapana, mwalimu. Sauti imekatika. Nesi wa zahanati amesema ninyamaze, nisipige kelele hata kuita ng'ombe."

"Imekatikaje?"

Shangazi aliniletea kigoda, akasema, "Karibu baba, kaa kwanza." Nilikaa. Binti aliokota maharage mawili yaliyoanguka, akayarudisha kwenye ungo.

"Mwalimu, naomba usinikasirikie."

"Sema."

"Ulikuwa unainua mkono, tunaongeza. Unainua tena, tunaongeza. Kwenye ile simu tulikuwa tunapiga kelele mpaka watoto wakaziba masikio. Wewe ukatuuliza tuko wapi." Alimeza mate, kumeza kulimuuma, nilimwona. "Sasa wenzangu hawaongezi tena. Wanapanua midomo tu. Wakipanua, unasema hapo sasa. Mimi nilishindwa kukudanganya, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja huku."

Hasira ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Niliinuka kwenye kigoda. "Binti, mimi nimeanza kufundisha kuimba kabla mama yako hajaolewa!"

"Ni kweli, mwalimu," akasema, kwa upole uleule wa mabenchi ya nyuma.

Niligeuka niondoke. Hapo miguuni pangu kulikuwa na kuku na vifaranga vyake, wanachakura maganda ya maharage. Kifaranga mmoja alikuwa ametengana na wenzake, nyuma ya kigoda changu. Alikuwa amenyoosha shingo, anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua, mwili mzima unatikisika. Nikatazama wengine. Wote walikuwa wanafungua midomo. Uani palikuwa kimya kabisa, kimya changu kile laini cha asubuhi.

"Mama," nikamuuliza shangazi, "hawa vifaranga wanalia?"

Alicheka. "Wanalia? Baba, tangu asubuhi wametupasua masikio!" Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Nilirudi kwenye kigoda, nikakaa. Niliogopa. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja nyingi, lakini kwanza niliogopa kama mtu anayegundua mguu wake umekufa ganzi na alikuwa anaukanyaga tu. Ndege hawakuwa wamehama. Walikuwa juu ya paa langu kila asubuhi, wanaimba, na mimi nimesimama chini yao nailaumu mikaratusi. Nilikaa pale mpaka makande yakaiva. Tulikula. Vumbi la maganda liliendelea kuelea, kuku akawakusanya watoto wake chini ya mabawa, nikaona midomo ikifungwa mmoja mmoja. Daftari lilikuwa zito mfukoni, sikulitoa.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu, "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza ukasema mimi ndiye ninanong'ona. Mara ya pili hukula chakula changu siku nzima."

Tulifundishwa tangu utoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha mkuu asiyesikia la mdogo anavunja nini. Nilikuwa nimetoka Maretadu kukiona kilichovunjika.

Jumamosi nilisimama mbele ya kwaya, nikawaambia ukweli: siwasikii sauti ya kwanza, tatizo ni masikio yangu, na mlinidanganya kwa sababu niliwazoeza kuniogopa. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake "Mwalimu", na chini yake nikaandika mstari mmoja nilioujua mwenyewe. Kisha nikauliza, "Mengine ni yapi?"

Ukungu ulikuwa umeingia kwa mlango uliokuwa wazi, unazunguka miguu ya mabenchi, na tulikaa humo sote, mimi na kalamu yangu. Mwishowe mzee mmoja wa sauti ya nne, mkubwa kwangu, alikohoa.

"Mwalimu, ukituuliza hivi leo, kesho hutatufukuza?"

"Sitawafukuza."

"Basi huwa unakimbia. Ukifurahi, wimbo unakimbia, sisi wazee tunabaki nyuma tunatafuta pumzi."

Nikaandika. Mwingine akasema ninamtania mkewe mbele za watu, na mkewe hulia akifika nyumbani. Nikaandika. Mwingine akasema nyimbo zangu nazipandisha juu mno kwa sababu ya kuringia wageni. Hapo nilianza kueleza: wimbo ule nimeutunga hivyo, una maana yake, ukishushwa unapoteza. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema polepole, "Mwalimu, sisi tukisahihishwa huwa tunajitetea?"

Nikaandika na hilo. Nilikuwa na hasira, nisijifanye malaika. Lakini nilipofunga daftari niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwao kwa miaka: walikuwa wananitazama usoni.

Hospitalini waliniambia ni umri, na kwamba sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka. Binti alirudi kutoka Maretadu wiki ya sikukuu. Koo lilikuwa limepoa, ila pale juu alipokuwa anapanda bila kusukumwa hafiki tena. Nesi alisema huenda ikarudi, akalisema hilo "huenda" huku anaangalia pembeni. Binti akahamia sauti ya pili. Nikaushusha wimbo, wimbo nilioapa kwamba haushuki, mpaka mahali anapoweza kuufungua.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mahindi, maboga na mbuzi wawili wasio na adabu. Wageni wa Hirbadaw walikaa mbele. Binti alianza peke yake, chini, kwa sauti ile iliyochanika, na nilisikia kila neno. Nililia, na sikujali nani anaona. Kisha sauti ya kwanza ikaingia. Nilijua imeingia kwa sababu yeye aliinua kidole, kama tulivyokubaliana, kuniambia wapo na wanatosha. Sikuwasikia. Nilitazama midomo yao nikawaamini.

Baadaye tulibaki kwenye mabenchi ya nyuma. Siku hizi tunaanza na ukurasa wangu, na anayesoma ni binti yule. "Mwalimu," akasoma, "ubeti wa tatu umeinua mkono tena kwa sauti ya kwanza. Walikuwa wanatosha."

Nilisimama. "Ni kweli," nikasema, "nitajirekebisha." Nikakaa.

Ukurasa ule ulijaa, tukafungua mwingine, na huo nao unaelekea kujaa. Mengi yamefutwa. Mstari wa juu kabisa, ule nilioandika mwenyewe kabla sijauliza mtu yeyote, unasema nimeharibu sauti ya binti wa watu. Kila Jumapili anaupita bila kuusoma. Nimemwomba ausome. Anasema masahihisho ni ya makosa yanayorekebishika.