Kiraka Kwenye Mshahara wa Kwanza

Mdogo wangu alipopata mshahara wake wa kwanza huko Uingereza, anakofanya kazi ya kutunza wazee, hakuutuma kwa simu. Pesa za karo na za mbolea hupita kwenye simu kila siku, na hakuna anayelalamika. Lakini nyumbani kwetu, nje kidogo ya Shianda, magharibi mwa Kenya, mshahara wa kwanza huletwa mkononi kwa nyanya yetu, ambaye sote tunamwita Kukhu. Yeye huishika noti kwa mikono miwili, huipulizia mate mepesi kama manyunyu, husema maneno yake, na ndipo mwenye kazi anaanza kula jasho lake kwa amani. Baba mdogo alimletea noti yake ya kwanza kutoka kiwanda cha sukari. Mimi nilimletea yangu ya ualimu, na niliomba benki wanipe iliyo mpya kabisa, kwa sababu Kukhu ana sharti moja: noti iwe nzima. Asichopenda ni noti iliyochanika kisha ikaunganishwa. Anasema akibariki kiraka, mwenye kazi ataishi maisha ya viraka.

Mdogo wangu aliijua kanuni hiyo. Alichagua noti ya pauni ishirini isiyo na hata mkunjo, akaiweka kati ya kurasa za kitabu cha nyimbo za kanisani, akampa mwenzake wa kazini, mama mmoja wa Lugari aliyekuwa anarudi likizo. Ilinifikia siku ya Jumatano. Jumapili baada ya ibada mdogo wangu angepiga simu asikie baraka.

Alihitaji kuzisikia. Kukhu alikuwa ameipinga safari ile waziwazi. Alitaka msichana afanye kazi kwenye zahanati ya karibu, aolewe, aonekane. Asubuhi ya kuondoka, Kukhu alikataa kutoka jikoni, na mdogo wangu akamuaga kupitia mlango uliofungwa nusu. Tangu siku hiyo walikuwa wakizungumza kwa simu kama watu wa ofisini: habari, nzuri, mvua ipo, haipo.

Nilimpa Kukhu ile noti nikiwa na furaha yote. Aliipokea kwa mikono miwili. Macho yake yamepungua, kwa hiyo hesabu zake nyingi huwa kwenye vidole. Kidole gumba kikatembea juu ya noti, kikafika mahali fulani, kikasimama. Akainyanyua kuelekea mlangoni kwenye mwanga.

"Mukhana," akaniambia, yaani msichana, jina analoniita ingawa nina watoto wa sekondari. "Hii imebandikwa selotepu."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Ni kweli ukiitazama bila kuijua, ndivyo inavyoonekana. Kwenye noti ile kuna sehemu isiyo na rangi, angavu kabisa, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Ndani yake kuna kijipicha cha jengo, upande mmoja kinang'aa dhahabu na buluu, upande wa pili fedha. Na sisi huku tunaijua selotepu kwenye noti. Kila mwenye duka ana noti ya hamsini aliyorudishiwa kwa sababu ya selotepu, ameibandika ukutani kama onyo.

Nikamweleza. Kueleza ndiyo kazi yangu, na nikiri ndiyo starehe yangu pia. Nikamwambia noti za huko si za karatasi, ni za plastiki. Nikamwambia lile ni dirisha, limewekwa makusudi kuwashinda wanaoghushi, kwa kuwa mashine ya kutoa nakala hunakili wino lakini haiwezi kunakili mahali ambapo hapana kitu. Ukitia noti hii kwenye mashine, pale penye dirisha patatoka doa tu. Nikamwambia hata vitambulisho na pasipoti za nchi kadhaa siku hizi zina dirisha kama hilo, ili mkaguzi aziinue tu kwenye mwanga aone.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kitu kizima hakionyeshi kidole," akairudisha noti kwenye kitabu cha nyimbo, na kitabu akakiweka juu ya kabati la vyombo. Si kwenye sanduku lake la vitu vilivyobarikiwa. Juu ya kabati, pamoja na vikombe visivyo na mikono.

Jioni mdogo wangu akaandika: "Ameipokea?"

Nikajibu: "Bado anaiangalia."

"Anaiangalia nini?"

Sikujua nianzie wapi, nikaandika kwamba mtandao unasumbua.

Alhamisi nilimwomba Kukhu noti nikaenda nayo madukani Shianda, kwa mwenye duka anayeheshimika kwa kutambua pesa bandia. Niliwaza kwamba Kukhu akisikia neno kutoka kwake, litatosha. Mwenye duka aliigeuzageuza, akaikunja, ikajikunjua yenyewe. Akaikunja tena, ikajikunjua.

"Mwalimu, hii inakataa kulala. Pesa gani inakataanga kulala?"

"Ni plastiki."

"Ni plastiki hapa kwenye kiraka?"

"Ni plastiki yote."

"Basi si noti yenye selotepu," akasema, akiwageukia wateja wawili waliokuwa wakingoja sukari, "ni selotepu yenye noti!"

Walicheka mpaka mmoja akashika kaunta. Mimi pia nilitabasamu, kwa sababu nimezoea kutabasamu mwanafunzi anapokosea, kisha nikaanza upya, polepole, kuhusu wino na mashine ya nakala. Mwenye duka aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilipomaliza akaniuliza kama ninahitaji kitu kingine. Nilipofika nyumbani, ule utani ulikuwa umetangulia. Kukhu alikuwa ameshausikia kutoka kwa jirani, na haukumchekesha.

Ijumaa nikatengeneza zana ya kufundishia. Msomaji mwalimu atanielewa. Nilikata jalada angavu la faili, nikalipaka rangi nyeupe ya ukutani pande zote mbili, nikaacha sehemu moja bila rangi. Ilipokauka nikachora juu yake kwa kalamu za watoto: nambari, uso, majani. Ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe. Nikaketi na Kukhu kwenye kizingiti alipokuwa anachambua mboga.

"Tazama, Kukhu. Sikukata shimo. Plastiki yote ilikuwa angavu tangu mwanzo. Mimi nimepaka rangi kila mahali, hapa nikaparuka. Dirisha ndilo plastiki yenyewe. Ile rangi ndiyo imeongezwa."

Nilikuwa na uhakika. Nilimwona akielewa. Aliishika ile zana yangu, akapitisha kidole, akaona kidole upande wa pili, akaitikia kwa kichwa, na mimi moyoni nikajipa alama zote.

"Umeitengeneza hapa jikoni?" akauliza.

"Ndiyo, asubuhi hii."

"Kwa rangi ya ukuta."

"Ndiyo."

"Sasa wewe si ulisema wameweka dirisha ili mtu asiweze kutengeneza?"

Mboga ziliendelea kuanguka ndani ya sufuria. Ningeweza kumweleza tofauti kati ya rangi ya ukuta na kile kijipicha kinachobadilika rangi, ningeweza kueleza jinsi rangi ya upande mmoja inavyokutana na ya upande wa pili bila kupishana hata unywele, na ndivyo nilivyofanya, kwa muda mrefu, hadi nikaisikia sauti yangu ikipanda. Baba mdogo alikuwa anapita na baiskeli, akaniambia, "Mwalimu, mwache mama. Kengele imelia."

Usiku ule mdogo wangu hakuandika swali. Aliandika: "Kama amekataa niambie tu. Najua bado ana hasira na mimi." Mtu anaweza kuvumilia kutoeleweka yeye mwenyewe. Lakini kumwona mdogo wako akidhani amekataliwa, ilhali kinachokataliwa ni upana wa vidole viwili vya plastiki, kunakera hadi meno.

Jumamosi nikavaa vizuri nikaenda benki Kakamega mjini. Foleni ilifika mlangoni. Nilipofika dirishani, karani kijana aliichukua noti, akaielekeza kwenye taa, akaisugua, akairudisha mezani.

"Ni halali. Unabadilisha?"

"Hapana. Nilitaka tu uniambie kama ni halali."

"Nimekuambia."

"Unaweza kuniandikia?"

"Kuandika nini, mama?"

"Kwamba ni halali. Ni kwa ajili ya nyanya yangu. Anadhani sehemu hii hapa ni..."

"Mwalimu!" mtu akaita nyuma yangu, mji huu una wazazi wa wanafunzi wangu kila kona. "Mwalimu, somo litaendelea Jumatatu? Wengine tunataka kutoa pesa ya mazishi."

Karani hakuandika chochote. Nilirudi Shianda na neno lake mdomoni tu, nikalitoa mbele ya Kukhu kama mtu anayefungua zawadi: benki imesema ni halali. Benki kubwa, mjini, yenye taa.

Kukhu aliniangalia kwa huruma ambayo ilinikera kuliko kicheko cha dukani.

"Mukhana, mimi sijauliza kama ni ya wizi. Sijauliza kama ni bandia. Mtoto wetu hawezi kuleta pesa bandia. Nimeuliza kama ni nzima."

Nilikaa chini. Tangu Jumatano nilikuwa nimejibu kwa bidii swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Yeye hakuwa akibishana na wale waliochapa noti. Alikuwa na hofu kwamba akiweka mate yake juu ya kitu kilichopasuka, msichana aliyemuaga kupitia mlango uliofungwa nusu atapasukia mbali, mahali ambapo hakuna wa kumshika. Na mimi nilikuwa nimemletea somo la mashine ya nakala.

"Ni nzima, Kukhu," nikasema.

"Wewe unasema."

Na hapo maelezo yangu yakaisha.

Jumapili sikukaa kanisani hadi mwisho. Kukhu hakuwa amekuja, alisema magoti yanamuuma, nami nilikuwa na wasiwasi na ile simu. Nilipoingia uani nilimkuta ameinama juu ya beseni, mikono imezama mpaka viwiko, povu la sabuni ya kipande limetapakaa, anasugua. Nilidhani ni leso. Kisha nikaona kona ya rangi ya zambarau ikichungulia.

"Kukhu! Hiyo ni pauni ishirini!"

"Najua ni nini."

"Utaiharibu!"

"Ikiharibika, basi ilikuwa na kiraka. Maji ni ya moto. Nimeiloweka tangu mmetoka. Hakuna selotepu inayokaa kwenye maji yangu ya moto."

Hilo nalijua. Miaka yote amebandua vibandiko kwenye chupa na madoa kwenye sare zetu kwa maji hayohayo. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kanisani kwenye tope la sabuni, nimekasirika hadi machozi yakanikaribia. Aliitoa noti, akaikung'uta. Akaweka ukucha wa kidole gumba ukingoni mwa dirisha, akakwangua, mahali ambapo selotepu yoyote ingeanza kuinuka. Akakwangua upande wa pili. Akaivuta kwa mikono yote miwili, kwa nguvu za mtu aliyekata miwa maisha yake yote. Noti ilibaki noti. Lile jengo dogo la dhahabu likawaka juani, maji yakichuruzika.

"Haikubandikwa," akasema taratibu. "Imezaliwa hivi."

"Ndivyo nilivyo..." nikaanza.

"Leta hiyo simu."

Ilikuwa haijaita. Nikampigia mdogo wangu mwenyewe, kwa salio langu. Alipokea kabla haijaita mara ya pili, na hakusalimu. Akasema tu, "Amekataa?"

Kukhu alininyang'anya simu, akaishika mbali na sikio kama anavyofanya siku zote, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alimwambia ameishika. Alimwambia ameiosha kwa mikono yake na ameivuta na haikukatika, na yeye asikatike vilevile. Kisha akainua noti iliyolowa mbele ya uso, akaipulizia. Mate yalitua juu ya dirisha, nami niliona uso wake upande wa pili, umepindapinda kidogo. Kwenye simu nikamsikia mdogo wangu akivuta makamasi, akauliza, "Ameiosha? Kwa nini ameiosha?"

"Nitakueleza," nikasema.

"Mwambie asante. Mwambie... ameiosha kweli?"

Salio likaisha hapo.

Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anajipangusa povu, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akaniuliza:

"Sasa hilo dirisha, wameliweka la nini?"

Nilivuta pumzi. Nikaanza na mashine ya kutoa nakala.

"Basi, basi," akasema, akiinuka kwenda kuwaita kuku. "Kwanza anika hiyo noti."

Nikaibana kwa kibanio kwenye kamba, kati ya gauni lake na foronya, na nikaendelea kueleza kuhusu wino kwa sauti ya juu, ili anisikie hadi huko nyuma ya jiko.