Udongo wa Kaburi la Mtoto

Juzi, nikiwa kwenye kivuko cha Nansio, karani wa mizigo alimuuliza dada mmoja aliyekumbatia boksi, "Umebeba nini humo?"

"Udongo wa kaburi la kale. Naupeleka Mwanza kuupima kwa hadubini."

Abiria wakasogea mbali. Bibi mmoja tu ndiye aliyebaki karibu naye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenye udongo mnaona nini?"

"Chembe ambazo macho hayazioni. Alizikwa mtoto mchanga, bibi. Mwili ulishaoza zamani, lakini udongo tuliopima mwanzo ulikuwa na mabaki ya nyasi laini, tabaka juu ya tabaka, pale alipolazwa."

Bibi akapapasa kifuniko cha boksi. "Mama yake alimtandikia," akasema. "Hata mimi wangu nilimtandikia kanga yangu mpya. Watu wakasema naharibu nguo."

Dada akamshika mkono. Karani akakohoa, akasema taratibu, "Haya, piteni. Ila usimweke kwenye mizigo. Mpakate."

Mimi huwa nawatania wasomi kwamba kazi yao ni kuchungulia vumbi. Lakini hadi tunafika Mwanza, bibi alikuwa bado anasimulia habari za mwanawe, ambaye nadhani hakuna aliyewahi kumuulizia.