Kwenye Karatasi ya Rugaibula

"Kwenye karatasi yangu mfu hapotei. Akipotea hata mmoja, nikateni mkono."

Rugaibula alisema hivyo mwaka 1991, huko Izigo, mbele ya watu waliokuja kumzika Protase. Alikuwa amesimama juu ya benchi la wenyewe, kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, mkononi, na hakuna aliyekuwa amemwomba ahutubie. Watu walicheka kicheko cha msibani, kile cha kufichwa kwenye khanga. Datius, mdogo wake marehemu, hakucheka. Alisikia, akaweka akiba.

Majigambo yale yalikuwa na mizizi. Wakati wa vita vya mpakani, miaka kumi na miwili nyuma, Rugaibula alikuwa mgambo, akapangiwa kazi ambayo hakuna mgambo aliyeitaka: kuzika. Mabomu yalipasua watu barabarani, yeye na wenzake wakawafukia kwa majembe ya shamba, mwingine mzima, mwingine ndani ya gunia kwa sababu hakuwa mzima tena. Wenzake walifukia wakakimbia. Yeye alifukia, akapima kwa hatua, akachora nyuma ya daftari la mahudhurio la shule iliyoungua: kalavati, mti, hatua kumi na saba, mtu mwenye shati la bluu.

Vita vilipoisha, ndugu wakaanza kuja. Mmoja alimwita mwizi wa maiti na kumvunja jino kwa mpini wa koleo. Rugaibula akatema damu, akahesabu hatua zake, akasema, "Chimba hapo." Shati la bluu likatoka. Yule bwana akaomba radhi kwa machozi. Jino halikurudi.

Kwa sifa hiyo akapata kazi ya kuchora ramani za nyumba katika ofisi ya mradi mmoja wa wafadhili, Bukoba mjini. Alikuwa na rula ya T, kalamu za wino, na wembe wa kukwangua makosa. Kila mchoro wake ulianza na kitu ambacho mainjinia kutoka Dar hawakukielewa: makaburi. Sisi huku tunazika kibanjani, kati ya migomba, mita chache kutoka mlangoni, na wakati ule makaburi yalikuwa yanaongezeka kuliko vyumba. Rugaibula aliyachora kwa wino mwekundu kwanza, ndipo akatafuta nyumba itakaa wapi. Injinia mmoja alimwuliza kama anachora nyumba au anachora ukoo. Akajibu, "Wewe kajenge juu ya babu yako, uone utalala vipi."

Mwaka 1993 wafadhili wakaleta kompyuta yenye programu ya kuchorea, pamoja na kijana anayeitwa Mayenga wa kumfundisha kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa meza ya pili, kwa hiyo vita hivi vya pili nilivishuhudia bila kitambulisho cha mgambo.

Siku ya tatu umeme ulikatika, kuta za asubuhi nzima zikapotea. Rugaibula akainuka taratibu, akaipiga kompyuta konzi la utosini, kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Mzee, usiipige," Mayenga alisema. "Ina moyo mwepesi."

"Na mimi nina moyo. Imekula ukuta wangu."

"Haikula. Ulitakiwa kuhifadhi."

"Nikiweka kalamu chini, ukuta hukaa pale pale. Sijawahi kuubembeleza."

Halafu akataka kuchora mgomba. Programu ilikuwa na picha zake tayari: masinki ya aina kumi na mbili, miti ya Krismasi, gari, hata mzungu mwenye kofia. Mgomba haikuwa nao. Kaburi ndiyo kabisa.

"Huko kwao watu hawafi?" akauliza.

"Wanafia mbali na choo," nikasema. Akanirushia kifutio, kikanipata jichoni. Kwa siku mbili nilichora kwa jicho moja, na michoro haikuharibika kuliko kawaida.

Mayenga akaondoka. Kazi ya kwanza ya kompyuta ikawa kituo cha yatima, Izigo, katika kibanja cha Mama Eufrazia, mama yake Protase. Kufikia hapo mama yule alikuwa ameshazika mumewe, mwanawe Protase, mke wa Protase, na binti zake Celina na Klaudia, wote kwa ule ugonjwa ambao redioni ulikuwa na jina na vijijini ulikuwa na minong'ono. Amebaki na Datius na wajukuu saba. Alitoa nusu ya kibanja bure, kwa sharti moja.

"Rugaibula, wanangu wasiguswe."

"Waitu, mama," akaitikia kwa heshima ya kwetu. "Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii injinia."

Akayachora makaburi matano kwa rangi nyekundu. Kwenye kioo yaling'aa kama makaa. Akaweka nyumba mbali nayo, choo mbali zaidi. Mashine ya kuchapa ikakwaruza saa nzima, umeme unapepesa, dereva anapiga honi nje. Rugaibula akatazama kuta zimetoka sawa, akaviringisha karatasi, akampa msimamizi wa ujenzi, Kija, mtu wa Mwanza asiyejua kibanja wala wenyewe.

"Fuata karatasi," alimwambia. "Maneno ya watu achana nayo."

Laiti angeikunjua tena. Lakini tangu vita alichokiona ndicho kilichokuwa kwenye karatasi; hakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna macho mawili, la kioo na la karatasi. Programu ile huchora kwa matabaka, kama karatasi za kuonyesha zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ilikuwa na tabaka moja inalojitengenezea yenyewe. Ukichora humo, kwenye kioo utaona. Kwenye karatasi hakitoki kitu. Mayenga hakulitaja. Makaburi yote matano yalikuwa humo.

Siku ya kuchimba, kijiji kizima kilikuwa kwenye msiba mwingine, kilima cha pili. Vibarua wa Kija wakaanza shimo la choo, wakagonga mwamba. Kija akakunjua karatasi, akaona mita sita pembeni pako wazi, peupe. Makaburi ya watu maskini hayana saruji. Miaka miwili chini ya majani ya migomba, na hata mwenye kaburi hulitafuta kwa mguu. Wakahamisha shimo. Saa sita sururu ikapasua jeneza la Klaudia.

Watu waliporudi kutoka msibani walikuta ubao na sanda juu ya kifusi cha choo. Vibarua wakakimbia. Kija hakuwahi. Mimi na Rugaibula tulipofika na lori la ofisi, alikuwa amefungwa kwenye mti wa kahawa, sikio linaning'inia, mdomo hauna umbo, na bado anasema neno moja: karatasi, karatasi. Datius alikuwa mbele yake na panga.

Rugaibula akaiokota ile karatasi kwenye tope. Akaikunjua. Akapitisha kidole pale palipotakiwa kuwa pekundu, mara moja, mara mbili, kama kipofu.

"Mfungueni huyu," alisema. "Mchoro ni wangu."

"Wako?" Datius akageuka. "Basi ulisema mwenyewe. Juu ya benchi letu."

"Nilisema."

Akapiga magoti, akaweka mkono wa kulia juu ya ule ubao wa jeneza. Nilimshika bega, akanisukuma nikaangukia migomba.

"Datius," Mama Eufrazia akasema, "mkono wa mtu hauzibi shimo."

Datius alikata. Sijui kama alilenga au panga liliteleza; vilikwenda vidole viwili, cha shahada na cha kati, vile vya kushika kalamu. Damu ikaruka hadi kwenye sanda. Mama yule akavua kitambaa cha kichwani, akaufunga mkono, akakaza kwa meno. Kisha akampiga Rugaibula kofi ambalo hata Kija alilisikia kwa sikio lililobaki.

"Sasa simama. Nionyeshe wengine wako wapi."

Akasimama. Akahesabu hatua kutoka kona ya nyumba, akiyumba, damu ikichuruzika nyuma yake. Kila kaburi alichomeka kijiti kwa mkono wa kushoto. Yote manne. Datius aliweka panga chini, akaingia shimoni kumpanga dada yake upya. Hospitali tulikwenda baada ya hapo.

Wiki ya pili Rugaibula alikuja ofisini na nyundo. Akawasha kompyuta, akasubiri makaburi yatokee, mekundu, yote matano. Ndipo akapiga. Alipiga kioo, akapiga sanduku, akapiga mashine ya kuchapa mpaka mlinzi akamkaba shingo. Wakamfukuza siku hiyo hiyo, na sisi tukafagia vioo.

Siku hizi anakaa Hamugembe na anachora kwa mkono wa kushoto. Mistari yake inatetemeka, lakini watu wanatoka hadi Muleba kumfuata, hasa wajane na wajukuu wanaoogopa kusahau. Kwanza wino mwekundu, halafu nyumba, kama ipo. Bei ya mchoro wa kibanja kimoja ni shilingi elfu moja, makaburi yawe mawili au kumi na nane.