Nam ya Mombasa

Katika Kijaluo maji makubwa yote ni nam. Ziwa ni nam, bahari ni nam. Naeleza hili mapema ili msomaji asinicheke kabla ya wakati wake.

Mwaka 1967 nilikuwa karani wa soko la Ndhiwa, mtu wa nchi kavu, nikimchumbia Roselyn wa Sori, kando ya ziwa. Sharti lake lilikuwa moja. Baba yake alikwenda kufanya kazi bandarini Mombasa na hakurudi tena.

"Mimi siolewi na mtu wa kwenda mbali," aliniambia. "Tafuta kazi huku kwetu, ndipo uje uongee na kaka yangu."

Basi niliposikia kwamba serikali ina mpango wa kuchunguza vilindi vya nam, ijue kuna samaki gani huko chini na namna ya kuwavua bila kuwamaliza, nilikimbilia Homa Bay kuomba kazi. Aliyenihoji aliitwa Bwana Mokaya, Mkisii, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, somo nililolipita vizuri na kulitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Unaijua bahari?"

Nikatafsiri kichwani: nam. "Tangu utotoni, bwana." Kweli niliijua, mpaka magotini.

"Huogopi kilindi?"

"Kilindi ndicho kinachoniogopa."

Akacheka, akaniandika karani wa meli. Nikamtumia Roselyn salamu kwamba nimepata kazi mlangoni kwao. Kisha nikapewa tikiti ya treni. Niliisoma, nikaigeuza, nikasoma na nyuma, ambako hapakuwa na neno.

"Bwana, Mombasa kuna nini?"

"Bahari," alisema Mokaya. "Ulidhani meli itapita wapi, mto Kuja?"

Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo nilikwenda Sori kwa boti ya Onyango, kaka yake Roselyn, ili nijieleze. Kabla Homa Bay haijapotea machoni nilikuwa nimelala juu ya magunia, nikitapika.

"Omera, ndugu yangu, hata upepo haujaanza!" Onyango alinipigia kelele.

Tulipofika Sori alinibeba mgongoni, akanishusha kama gunia mojawapo. Roselyn alikuwa akingoja ufukweni.

"Kazi ni ya Mombasa," nilimwambia, nikiwa bado nimeushika mchanga kwa mikono miwili.

Uso wake ukazima. "Kwa hiyo unaenda."

"Aende wapi?" Onyango alidakia. "Shemeji ametapika safari nzima. Hiyo meli itamrudisha kabla haijang'oa nanga."

Roselyn alinitazama vizuri, kuanzia viatu.

"Na ziwa lilikuwa limechafuka?"

"Lilikuwa limetulia kama uji kwenye bakuli."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi mchangani kando yangu.

"Basi huyu namchukua," alimwambia kaka yake. "Huyu hata akitaka kunitoroka, hafiki."

Tikiti nilimrudishia Bwana Mokaya mvua ilipokatika, kwa barabara.

Siku hizi wageni humuuliza mke wangu kwa nini alimchagua karani wa Ndhiwa na kuwaacha wavuvi wote wa Sori. Yeye huwasimulia habari za ile boti; mimi bado nangoja ataje Kiswahili changu.