Shangazi na Mkwe Wangu

Ile sauti ilikuwa yangu. Nimeikana mbele ya mchungaji, mbele ya majirani wote wa Garsen na mbele ya mwanangu Buya niliyemzaa mwenyewe, nikisema ni ya mashine, kwamba siku hizi mashine hujifunza kusema zenyewe (watu walitikisa vichwa kukubali, maana nani atabishana na mwanamke aliyesoma chuo kikuu?), lakini ilikuwa yangu, niliirekodi jikoni kwangu huku nikicheka peke yangu.

Wanawake wa rika langu wanafuga kuku. Mimi naandika programu ya kompyuta inayocheza sataranji, naiita Shangazi. Shangazi hafikiri, tusidanganyane, anahesabu tu: kila kitu kilichopo ubaoni kina alama zake, farasi aliye katikati alama kadhaa, mfalme wa mwenzio aliyeachwa wazi alama kadhaa, na kazi yangu ni kuzipandisha na kuzishusha namba hizo kidogo kidogo, kisha kumwacha acheze na nafsi yake michezo mingi nione kama ameboreka au ameharibika. Aghalabu ameharibika.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa binamu yangu Jilo, na kwa kuwa mimi na Jilo tunataniana tangu utotoni, nilirekodi maneno ya kumchoma, yatoke kwenye spika kila Shangazi akiona amemzidi mtu kwa mbali. Ila Shangazi alikuwa mwoga, hakujiona amemzidi yeyote, basi maneno hayo yakawa hayatoki, na mimi nikayasahau.

Kisha Buya akapata mchumba, Rehema, binti wa Mzee Komora wa Kulesa, mwalimu mstaafu asiyeongea sana. Wazazi wa Rehema wakaja kutusalimia (tunaita kusalimia, lakini ni kukaguliwa), na siku hiyo hiyo shule ya jirani ilikuwa na sherehe ya wazazi. Naibu mwalimu mkuu aliposikia kwamba mgeni wangu alicheza sataranji enzi za chuo cha ualimu, akaomba apambane na mashine yangu jukwaani. Mzee akakubali. Hapo nikaona haya, kwa sababu Shangazi hucheza kama mtu anayevuka mto huku akipima kina kwa kijiti, na mgeni angesinzia mbele ya umati. Basi asubuhi, chai ikiwa jikoni, nikapandisha namba moja tu, ile ya kumshambulia mfalme, nikaizidisha mara tatu. Kumjaribu sikumjaribu. Chai ilikuwa inafurika.

Matokeo yake ni kwamba Shangazi sasa, akimwona tu mfalme wa mtu, alidhani ameshashinda.

Na kwetu wakwe hawataniani. Hata kicheko mbele ya mkwe hupimwa. Mchezo haujachangamka, Mzee Komora akasogeza askari wake kwa ncha ya kidole, na kwenye vipaza sauti vya shule nzima, walivyounganisha na laptopu yangu, ikatoka sauti yangu:

"Baba, akili umeisahau kwenye mtumbwi?"

Watoto wakapiga mayowe ya furaha. Naibu, akidhani ni sehemu ya burudani, akaongeza sauti. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya akina mama, bega kwa bega na Mama Rehema, na kuifikia laptopu ilibidi nipande jukwaani nikatize mbele ya mkwe, jambo nililoliona ni utovu wa adabu (ndiyo, bado nilikuwa nachagua adabu). Nikampungia naibu mkono azime. Naye akanipungia.

Mzee akala farasi wa Shangazi. Shangazi akajiona anazidi kushinda.

"Ukichoka sema, tukutandikie mkeka."

"Sauti hii kama naijua," Mama Rehema akasema bila kugeuka.

"Ni ya mashine, mama."

"Mashine imezaliwa Ngao?"

Mimi ndiye niliyezaliwa Ngao, na lafudhi ya huko haijanitoka. "Zinajifunza," nikasema.

Mzee akala malkia. Shangazi, aliyebakiwa na ngome moja na askari wawili wasio na pa kwenda, akauliza kwa furaha: "Na kwenu nani hufikiri, baba? Mkeo?"

Nyuma ya ukuta nikasikia kengele za ng'ombe wa wafugaji Waorma zikipita. Mzee Komora akamfunga mfalme wa Shangazi, akakunja miwani yake, akampa naibu mkono, akamwashiria mkewe. Waliondoka bila kugusa wali wala kambare niliyemkaanga. Jilo alikula.

Wiki zikapita kimya. Buya akaacha kupita kwangu jioni. Siku moja alisimama mlangoni tu, akaniambia, "Mama, Rehema anasema kwao hakuna anayelitaja lile jambo. Wangelitaja ningekuwa na matumaini. Ungesema tu."

"Niseme nini? Ni mashine."

Nikafuta rekodi zote, nikairudisha ile namba mahali pake, nikaapa kwamba sitarekebisha tena kitu chochote chai ikiwa jikoni, na kwamba sauti yangu haitaingia tena kwenye chombo, hata kama ni kutangaza msiba.

Kisha simu ikalia.

"Mama Buya? Ni Mama Rehema. Ile mashine yako iliuliza swali siku ile, tukaondoka hatujaijibu."

Nikaepua chai jikoni.

"Iliuliza kwetu nani hufikiri. Ni mimi. Na nimeshafikiri. Waleteni wazee Jumamosi."

"Mungu akubariki, mama, na ujue mashine hizi siku hizi..."

"Mama Buya. Hebu sema 'mkeka'."

"Mama?"

"Sema tu."

Nikasema.

"Umesikia?" akamwambia mtu aliyekuwa kando yake. "Sikukwambia?" Na Mzee Komora, ambaye sikuwahi kumsikia hata akikohoa kwa nguvu, akacheka, na kicheko hicho hakukipima.